Unapokabidhi Mbao Yako kwa Mtaalamu: Somo Kuhusu Huduma ya Kuimarisha Mbao za Mipini ya Visu

Masomo mengi katika kijitabu hiki humhusu mlaji anayenunua bidhaa dukani. Somo hili linamhusu mlaji wa aina nyingine: yule anayechukua mali yake mwenyewe, akaikabidhi kwa mtaalamu ili ifanyiwe kazi, kisha akasubiri irudi. Tumechagua huduma ya kuimarisha mbao za mipini ya visu kwa kuwa ndani yake yamo mambo yote yanayomsumbua mlaji wa namna hiyo. Kazi hufanyika mbali na macho yake, matokeo yake hayaonekani kwa nje, na mali yenyewe mara nyingi haina mbadala sokoni.

Baada ya kusoma somo hili, tunatarajia uweze kueleza huduma hii hufanyikaje, kutambua mbao inayoihitaji na isiyoihitaji, kupima mwenyewe kama kazi uliyolipia imefanyika, na kuandika makubaliano yatakayokulinda endapo mambo yatakwenda kombo.

Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano wa baba mmoja mkazi wa Morogoro. Mwembe uliopandwa na marehemu babu yake umeangushwa na upepo. Katika shina lake mna sehemu yenye michirizi meusi ya kupendeza, ambayo imeanza kulainika kwa kuvu. Baba huyu anapata wazo la kuwatengenezea watoto wake wanne visu vya jikoni, kila kimoja na mpini uliotoka katika mti ule. Anapasua vipande sita, vinne vya kazi na viwili vya akiba, anavifunga katika mfuko, anavituma kwa basi kwa mtaalamu wa kuimarisha mbao, na kulipa fedha yote kwa simu. Jibu analopata ni maneno mawili: "Mzigo umefika."

Baada ya miezi miwili vipande sita vinarudi. Viwili vina nyufa. Kimoja ni chepesi kuliko vingine. Na kimoja, kwa macho yake, hakina ile michirizi. Anashuku kwamba si mwembe wake. Anapolalamika, mtaalamu anamjibu kwamba nyufa zilikuwamo tangu awali, wepesi ni tabia ya mti, na vipande alivyopokea ndivyo alivyorudisha.

Huenda mtaalamu anasema kweli, na huenda hasemi kweli. Kwetu sisi tunaopokea malalamiko, ugumu uko hapo hapo: hakuna karatasi, picha wala kipimo cha kuamua kati ya hao wawili. Mwembe wa babu hauwezi kupandwa upya. Tutamrudia baba huyu kila tunapofika mahali ambapo hatua ndogo ingemwokoa.

Huduma hii ni nini?

Mbao ni kitu kinachopumua. Hunywa unyevu hewani ikatanuka, huutoa ikanywea. Kisu kilichotengenezwa Dar es Salaam, penye hewa ya bahari, kikipelekwa Dodoma kwenye ukavu, mpini wake hupungua upana huku chuma kilicho katikati yake kikibaki vile vile. Matokeo yake ni kingo za chuma kujitokeza na kukwaruza kiganja, au mbao kupasuka penye misumari inayoushikilia mpini. Mbao hutanuka na kunywea zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu wake, na ndiyo maana nyufa nyingi hufuata nyuzi za mti.

Kuimarisha mbao ni kuvijaza vitundu vyake rezini, yaani kimiminika ambacho kikipashwa moto hugeuka kuwa kigumu kama plastiki. Kazi ya kitaalamu hupita katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kukausha. Kipande huwekwa katika oveni yenye joto linalozidi kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, mara nyingi kwa saa 24 au zaidi, mpaka uzito wake uache kupungua. Kisha hupozwa ndani ya mfuko uliofungwa ili kisinywe tena unyevu wa hewa. Hatua hii ndiyo roho ya kazi nzima, kwa sababu penye maji rezini haina pa kuingia.

Hatua ya pili ni ombwe. Kipande huzamishwa katika rezini ndani ya chombo kilichofungwa, na pampu huvuta hewa. Mapovu hutoka mbaoni kwa saa kadhaa. Yakiisha, hewa huruhusiwa kurudi chomboni, nayo huisukuma rezini kuingia mahali palipoachwa na hewa ya mwanzo. Kipande huachwa humo kwa muda mrefu ili kiendelee kunywa.

Hatua ya tatu ni mgandamizo. Wataalamu wenye mitambo mikubwa hawatosheki na ombwe. Huongeza mgandamizo ili rezini ifike hadi kiini cha kipande. Hapa ndipo kiwanda kinapotofautiana na fundi mwenye chombo kidogo nyumbani, na ndipo bei nayo inapopata sababu ya kutofautiana.

Hatua ya nne ni kuivisha. Kipande hurudishwa katika joto la karibu nyuzi 90 hadi 100 mpaka rezini ya ndani iwe ngumu. Kazi ikikatishwa hapa, mbao hubaki na harufu kali, hunata inapopigwa msasa, na haifai kushikwa na mkono unaoandaa chakula.

Je, mbao yako inaihitaji?

Hili ndilo swali la kwanza, na mara nyingine jibu lake litakuokolea fedha yote. Mbao nyepesi, zenye vitundu vingi, au zilizoanza kulainika kwa kuvu hufaidika sana. Mwembe wa baba yetu wa Morogoro ni wa kundi hili. Vinundu vya miti vyenye nyuzi zilizosokotana navyo ni hivyo hivyo, kwa maana ni vizuri kwa macho lakini hupasuka ovyo.

Mbao nzito na zenye mafuta, kinyume chake, huikataa rezini. Mpingo ni mfano ulio karibu nasi kuliko yote. Uzito wake ni karibu gramu 1.2 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kiasi kwamba huzama majini bila kutiwa kitu chochote. Mpingo uliokauka vizuri hutosha wenyewe kuwa mpini. Mtu akikutoza fedha ili auimarishe, muulize anaujaza wapi. Msaji nao una mafuta yanayoizuia rezini. Usilipie kazi juu yake kabla ya kipande kimoja kujaribiwa.

Tena, usidanganyike na maneno "haiingii maji milele" au "haitapasuka kamwe." Mbao iliyoimarishwa vizuri hutulia zaidi, huwa ngumu zaidi na hung'aa vizuri, lakini bado ni mbao. Kisu chake hakilazwi majini usiku kucha wala hakichemshwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora na manufaa ya bidhaa au huduma. Ahadi ya namna hiyo ikiwa imeandikwa, itunze, kwani ni ushahidi wako.

Mizani ni shahidi wa mlaji

Kazi hii haionekani kwa macho, lakini hupimika. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Tufanye hesabu pamoja.

Kipande chenye urefu wa sentimita 13, upana wa 4 na unene wa 2.5 kina ujazo wa sentimita 130. Tuseme kikiwa kikavu kabisa kina gramu 75. Dutu halisi ya mti, tukiondoa vitundu vyake, ina uzito wa karibu gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo, na kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya mti na mti. Basi gramu 75 ni sentimita 50 tu za dutu. Sentimita 80 zilizobaki ni nafasi tupu. Rezini ya majimaji ina uzito unaokaribia ule wa maji. Kwa hiyo kipande hiki, kikijaa chote, kinaweza kuongezeka karibu gramu 80.

Kikirudi na gramu 120, kimeongezeka gramu 45, ambazo ni asilimia 60 ya uzito wake mkavu. Hapo kazi imefanyika. Kikirudi na gramu 80, kimepata ngozi ya nje tu, na ukikipasua katikati utakuta mbao ile ile uliyoituma.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mpingo. Kipande cha ukubwa ule kina gramu 156, dutu yake ni sentimita 104, na nafasi iliyobaki ni sentimita 26 tu. Hata muujiza ukitokea na nafasi yote ikajaa, ongezeko halitazidi asilimia 17. Anayekuahidi asilimia 50 juu ya mpingo anaahidi kisichowezekana.

Kuna mtego mmoja katika vipimo hivi. Asilimia hupigwa juu ya uzito mkavu, si juu ya uzito uliotuma. Kipande cha gramu 75 kikiwa na unyevu wa asilimia 12 kitasoma gramu 84 nyumbani kwako. Kikirudi na gramu 120, wewe utaona ongezeko la asilimia 43, na mtaalamu ataona asilimia 60. Ninyi wawili mtagombana bila mdanganyifu kuwapo. Kwa sababu hiyo, mwombe mtaalamu akuandikie uzito wa kila kipande mara mbili: baada ya kukausha, na baada ya kuivisha. Anayefanya kazi kwa uangalifu hupima hivyo kwa faida yake mwenyewe, na hataona taabu kukupa takwimu zake.

Tuonye pia juu ya kipimo kinachopendwa lakini kinachopotosha, nacho ni kutumbukiza kipande majini ili kuona kama kinazama. Kile chetu cha gramu 120 na ujazo wa sentimita 130 kitaelea, ingawa kimeimarishwa vema. Mpingo ambao haujaguswa utazama. Kuzama au kuelea hakutoi hukumu.

Kipimo cha mwisho ni msumeno. Kikate kipande kimoja cha akiba katikati, mbali na ncha, kwa kuwa ncha hunywa rezini kwa urahisi kuliko kiini. Dondoshea tone la maji juu ya uso mpya. Likifyonzwa upesi, rezini haikufika hapo. Ikiwa rezini ilitiwa rangi, macho yatakuambia mara moja imeingia kiasi gani. Unapokata na kupiga msasa, vaa barakoa, kwani vumbi la mbao na rezini si la kuvuta.

Bei na namna ya kutoza

Wapo wanaotoza kwa kipande, na wapo wanaotoza kwa uzito wa mbao baada ya kazi. Njia zote mbili ni halali, ila kila moja ina swali lake. Ukitozwa kwa kipande, uliza ukubwa wa juu unaokubaliwa kwa bei hiyo. Ukitozwa kwa uzito, uliza kama rezini iliyoganda juu ya kipande husafishwa kabla ya kupima, maana vinginevyo utalipia takataka utakazozikwangua kesho. Uliza pia kama bei inajumuisha ukaushaji, rangi na usafirishaji wa kurudi, na nani anabeba gharama ya kipande kitakachopasuka.

Usilipe yote mwanzoni. Malipo ya awali yanayotosha kumwonyesha mtaalamu kwamba una nia, na salio baada ya kupokea na kupima, ndiyo njia inayompa kila upande sababu ya kumaliza kazi. Dai risiti kwa kila shilingi uliyotoa.

Karatasi moja inayokulinda

Kisheria, baba yetu wa Morogoro hakuuza mbao zake, alizikabidhi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaweka wajibu kwa mtu anayepokea mali ya mwenzake kwa kazi maalumu. Anatakiwa aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake ya namna hiyo. Anatakiwa airudishe kazi inapokwisha. Akiichanganya na mali yake bila ridhaa ya mwenyewe hadi isiweze kutenganishwa, atawajibika kufidia hasara.

Sheria hiyo ina upande wa pili, ambao nao ni haki. Mtaalamu aliyefanya kazi kama ilivyokubaliwa anaweza kuizuia mali mpaka alipwe ujira wake. Na endapo alikuwa mwangalifu lakini mbao ikapasuka kwa kasoro iliyojificha ndani yake, hasara si yake isipokuwa mmekubaliana vingine. Ndiyo maana maneno "mmekubaliana vingine" yanastahili kuandikwa.

Kabla ya kutuma mbao, fanya mambo haya:

1. Andika namba juu ya kila kipande. Wino unaweza kufutika katika rezini, hivyo ichonge kwenye ncha itakayokatwa baadaye.
2. Piga picha ya pande zote za kila kipande, pamoja na rula na namba yake. Michirizi ya mti ni kama alama za vidole. Hakuna vipande viwili vinavyofanana.
3. Pima na uandike urefu, upana, unene na uzito.
4. Kagua nyufa mchana kweupe, na uzitaje zilizopo. Ukiri wako leo utaaminiwa kesho.
5. Kata vipande vikubwa kidogo kuliko mahitaji yako. Ukaushaji hupinda na kupunguza, na nyuso zote zitahitaji kusawazishwa tena.
6. Tuma akiba. Ukihitaji vinne, tuma sita.
7. Pata jibu la maandishi linalotaja idadi ya vipande, namba zake, aina ya rezini, rangi kama ipo, bei, tarehe ya kurudisha, na atakayebeba hasara ya upasukaji.

Ujumbe wa simu unatosha kuwa maandishi, ilimradi umetaja mambo hayo na umejibiwa. Kama baba yetu angefanya hivyo, shaka yake juu ya kipande kisicho na michirizi ingemalizwa na picha moja. Nyufa zingelinganishwa na orodha. Na kile chepesi kingehukumiwa na mizani.

Ukituma mbao nje ya nchi

Ukilazimika kutuma mbao kwa mtaalamu aliye nchi nyingine, sheria za misitu huingia. Uliza kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu nawe kuhusu hati zinazohitajika. Kwa mpingo jambo ni zito zaidi, kwani tangu Januari 2017 umo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Vipande ambavyo havijawa bidhaa kamili vinahitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Bila kibali vinaweza kuzuiwa, na mtaalamu aliye upande wa pili hatakuwa na la kukusaidia.

Mambo yakiharibika

Usikimbilie kukata wala kupiga msasa kipande unachokilalamikia. Ukikibadilisha umeharibu ushahidi. Kipime, kipige picha, kisha mwandikie mtaalamu kwa lugha ya staha ukitaja namba ya kipande, kasoro yake na unachoomba: kazi irudiwe, fedha irudishwe, au fidia itolewe. Mpe tarehe ya kujibu. Migogoro mingi tunayoisikia humalizika katika hatua hii pale ambapo vipimo vipo, kwa kuwa namba hazina hasira.

Asipojibu au akikataa, leta lalamiko lako ofisini kwetu pamoja na risiti, maandishi ya makubaliano, picha na vipimo. Unaweza pia kufungua shauri la madai katika mahakama yenye mamlaka. Njia yoyote utakayoifuata, swali la kwanza utakaloulizwa ni lile lile: ulikabidhi nini, na unathibitishaje?

Maswali ya kujipima

1. Kipande chako kina ujazo wa sentimita 100 na uzito mkavu wa gramu 60. Kina nafasi tupu ya sentimita ngapi? Kikirudi na gramu 66, utamwambia nini mtaalamu?
2. Kwa nini uzito uliopima nyumbani hautoshi kukadiria asilimia ya ongezeko?
3. Mtaalamu anakataa kukurudishia mbao mpaka umlipe salio. Kazi imefanyika vizuri. Nani ana haki?
4. Taja mambo mawili ambayo picha inaweza kuthibitisha na mizani haiwezi.

Jibu la swali la kwanza, sehemu ya hesabu: dutu ni sentimita 40 na nafasi tupu ni sentimita 60. Ongezeko la gramu 6 ni asilimia 10 tu. Mengine tunakuachia wewe na jirani yako, maana somo hukaa kichwani zaidi linapojadiliwa na wawili.

Tumezungumzia mipini ya visu, lakini kanuni ni zile zile kwa kiti unachopeleka kukarabatiwa, saa ya marehemu mzazi, au kitambaa unachompa mshonaji. Tia alama, pima, piga picha, andika, ndipo ukabidhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.